Mwalimu Naserian Alivyojifunza Kusubiri

Naserian alikuwa amefundisha darasa la kwanza kwa miaka kumi na minane alipoanza kusoma shahada ya uzamili. Sisi walimu wenzake tulimcheka kidogo. Shule yetu iko upande wa Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, na ofisini swali lilikuwa moja: uzamili wa kufundisha watoto wa miaka sita ni wa nini?

"Hao ndio wagumu kuliko wote," alijibu, akaendelea kusahihisha madaftari.

Chuo kilikuwa mjini. Kila Ijumaa alishuka mapema, nami nikamshikia kipindi cha mwisho. Jumamosi akashinda hukohuko. Mwaka wa pili msimamizi wake wa utafiti, Dokta Indira, alimwambia arekodi masomo yake mwenyewe. Wazazi wakatia saini, mkuu wa shule akakubali, nami nikasimama nyuma ya darasa na simu.

Tuliitazama video ofisini mchana uleule. Dokta alikuwa amemwagiza ahesabu sekunde anazowapa watoto baada ya kuuliza swali. Zilikuwa mbili, mara nyingine moja, kisha alijibu mwenyewe au akamteua mtoto wa mbele.

"Hebu rudisha nyuma," aliniambia ghafla.

Nikarudisha. Dirishani alikaa Hanna, mtoto ambaye kwao huzungumza Kimaasai tu. Tangu Januari hakuwa amejibu swali hata moja, na kwenye daftari la maendeleo Naserian alikuwa amemwandika "mzito kuelewa". Katika video midomo yake ilikuwa ikichezacheza, kama anayeyajaribu maneno kwanza. Mkono ukapanda hadi usawa wa sikio. Wakati huo mwalimu alikuwa ameshageukia ubao. Mkono ukashuka. Ilitokea mara tatu katika kipindi kimoja.

Naserian aliilaza simu kifudifudi mezani. "Melkizedeki, ni wangapi wamenipita hivi?"



Jumatatu aliwasomea hadithi fupi, akauliza mbuzi alikula nini, kisha akafunga mdomo. Darasa zima likashangaa. Mimi mwenyewe, nikirekodi tena kule nyuma, nilitamani kumsaidia. Alikuwa akihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Kwenye sekunde ya saba Hanna akanyoosha mkono.

"Kofia," akasema. "Mbuzi alikula kofia ya babu."

Jumamosi ile Naserian hakwenda chuo. Alipanda hadi kwa mama yake Hanna, akamkuta akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mwalimu. Mtoto amekosa nini?"

"Marahaba. Mtoto hajakosa. Nimekosa mimi." Akamweleza yote kwa Kimaasai, bila kujitetea.

Mama akacheka. "Hata hapa nyumbani yeye hufikiri kwanza. Nilidhani mnajua." Akamfungia mahindi, akamshukuru kwa kupanda kilima chote kile kuja kusema hivyo.

Naserian alihitimu mwaka jana. Alipoulizwa kama sasa atahamia madarasa ya juu, alikataa. Alisema ndiyo kwanza anaanza kuijua kazi yake. Dokta Indira alikuja shuleni siku moja kukaa tu na kusikiliza.

Mimi nafundisha darasa la pili, kwa hiyo watoto wake nawapokea mimi. Wanauliza na kujibu mpaka kengele inatukuta katikati ya somo, na kila wiki namshukuru mwenzangu huyu aliyerudi shule akiwa na miaka arobaini na mitano.