Nguzo ya Kileleni

Jumapili iliyopita, juu ya kilima kimoja nje ya London, rafiki yangu alinieleza kazi ya nguzo fupi ya saruji iliyosimama kileleni. Zamani wapima ardhi waliitumia kuchora ramani, alisema. Mimi hubishia kila kitu, lakini hapo nilimwacha aendelee.

Utotoni niliamini nguzo kama hiyo ni kaburi. Mchana mmoja, huko Voi, walikuwa wanamzika Babu, baba yake mama, na pasipoti ya mama ilikuwa bado imekwama uhamiaji. Hakutaka kushinda ndani. Tulipanda treni kutoka Walthamstow, mtaa wetu wa London, kisha tukakwea kilima kilichonuka majani mabichi na mavi ya kondoo. Nilichojua kuhusu Voi ni kwamba ni mbali na kuna vilima. Kileleni upepo ulivuma hadi masikio yakaniuma. Mama aliegemea nguzo nyeupe iliyosimama hapo, akafunika uso kwa leso, akalia. Nikaelewa: kumbe tumefika Voi. Nikachota udongo kwa viganja, nikaumwaga chini ya nguzo.

"We, wafanya nini?"

"Namzika Babu."

Mama alinitazama, akaitazama nguzo iliyonipita kidogo tu kwa urefu. Kicheko kikamtoka katikati ya kilio. Akapiga magoti kando yangu.

"Basi ongeza, mwanangu. Babu yako alikuwa mrefu."

Tukaongeza hadi kucha zetu zikawa nyeusi.

Rafiki yangu alipomaliza maelezo yake, niliinama kana kwamba nafunga kamba za viatu, nikamwongezea Babu udongo kidogo.