Sifuri ya Mzee wa Maabara

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha fizikia Sumbawanga, nilimdhalilisha mtu mbele ya kidato cha tano kizima, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimechora atomi ya haidrojeni ubaoni: kiini katikati, elektroni ikikizunguka kwenye duara lake. Nikawaambia wanafunzi kwamba hata ikiwa kwenye ngazi ya chini kabisa ya nishati, elektroni hiyo hubeba momenta ya mzunguko, yaani kile kiasi cha mwendo ambacho kitu hupata kwa kuzunguka. Mhudumu wa maabara, mzee wa Kifipa aliyekaribia kustaafu, alikuwa nyuma anapanga chupa. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, Mwalimu. Nimesoma kwamba kwenye ngazi hiyo ni sifuri. Haifuati duara. Imetanda kama wingu pande zote za kiini, na momenta inayobaki nayo ni spini yake tu, ile ya asili isiyotokana na kuzunguka kiini."

Darasa zima likageuka kumtazama. Masikio yakaniwaka moto.

"Mzee, wewe osha chupa. Fizikia tuachie sisi tuliosoma."

Wakacheka. Yeye akasema, "Sawa, Mwalimu," akaendelea na chupa zake.

Jioni nilifungua kitabu changu cha chuo. Alikuwa sahihi. Duara langu lilikuwa picha ya zamani, na nilikuwa nimeisahau hiyo sifuri tangu nimalize mtihani wa chuo.

Wiki iliyofuata nikafundisha lile wingu kana kwamba ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo. Binti mmoja akauliza, "Kwani Mwalimu, siyo alivyosema mzee?"

"Mzee alibahatisha," nikajibu. Naye alikuwa palepale nyuma, anafuta meza.

Alistaafu. Ilinichukua miaka miwili kufika kwake, kijijini Pito. Nilimkuta uani anapepeta ulezi na mkewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

Nilisubiri mpaka mkewe alipoingia ndani kutuletea togwa, ndipo nikamwomba radhi.

"Wale vijana uliwaambia?" akauliza.

"Sikuwaambia."

Akapepeta mara mbili tatu. "Wao ndio waliocheka," akasema, bila hasira.

Mkewe alitoka na togwa, akanishukuru kwa kumkumbuka mumewe. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikashindwa kumwambia kilichonileta.