Betri Juu ya Ubao

Kila Jumamosi jirani wa Merlinda huifungua betri ya gari la kaka yake baharia. Huiweka juu ya ubao, maana sakafu ya saruji, anavyosema, hunyonya chaji. Kwa vidole vyenye madoa ya asidi huiongezea maji, huichaji hadi alasiri, kisha huirudisha. Leo Merlinda, akiwa penye uzio, alimwona amekaa kwenye kiti cha abiria, akinyoosha mkono kuliwasha gari.

"Manong," Merlinda akamwita, kama aitwavyo kwa heshima mwanamume aliyemzidi umri, "unauogopa usukani?"

"Kile ni kiti cha kaka. Nikikisogeza, akishuka melini atanisema mpaka nikome!"

Gari likanguruma. Meli hiyo ilizama mwaka juzi, na siku ya arobaini ya kifo cha huyo kaka, aliyempakulia Merlinda tambi za matanga alikuwa jirani huyuhuyu.