Mchi Uliogoma Kuzunguka

Tulikuwa wanne siku ile, nyumbani kwangu Mkunya. Mimi, mdogo wangu wa ziwa moja, na wajukuu wawili wa kike, watoto wa binti yangu. Mkubwa anakaa Masasi mjini, ana mashine ndogo ya leza ya kuandikia watu majina kwenye vikombe na chupa za chai. Mdogo ndiye bibi harusi, kesho yake aende kwa mumewe Lisekese. Majina yao ninayo kichwani, na ya waliowazaa, lakini hapa siyaandiki.

Tuseme wa tano alikuwa mchi. Kaka yetu aliuchonga kabla macho hayajamwisha, na baada ya huo hajachonga mwingine. Kwetu binti hatoki bila mchi wa kwao. Mjukuu mkubwa, aliyekuja na mashine yake, akataka auzungushie majina sita, ya mama zetu, kuanzia mama wa bibi yangu hadi bibi harusi. Nitaje mimi, aandike yeye, maana mimi darasa la pili niliishia mlangoni. Nikaogopa. Mti ukishachomwa haufutiki, na mchi ni huo mmoja.

Pembeni ya mashine kuna rola mbili. Kitu unakilaza juu yake, rola zinakizungusha polepole, mwanga unachoma. Kwanza akafunga karatasi katikati ya mchi, ajaribie hapo jina lake na la bibi harusi. Gundi ikawa inaachia, akaifunga kwa uzi. Mwanga ukapita. Herufi zikatoka nyembamba, zimelaliana.

"Ukoo mzima umekonda," akasema mdogo wangu. "Hawa walikosa ugali?"

Mjukuu hakucheka. Akakaza skrubu, akapima unene wa mchi kwa uzi, akabadilisha namba kwenye kompyuta. Mara ya pili ikawa afadhali kidogo. Wakaenda kula. Waliporudi, akajaribu mara ya tatu, hakugusa kitu. Majina yakatoka mabaya kuliko ya kwanza.

"Sielewi, Bibi. Jana imeandika vikombe vizuri tu."

Kama yeye haelewi, mimi nielewe wapi? Nikasema labda mchi wenyewe hautaki.

"Basi uacheni," akasema bibi harusi, machozi yanamlenga. "Nitaenda nao mtupu."

Nikauinua nimwonyeshe kuwa hata mtupu ni mzuri. Ukanichopoka mikononi, ukaanguka karibu na mguu wa mdogo wangu.

"Dada! Unataka kunizika kabla ya pilau?" Akauokota, akanusa kiganja. "Mafuta ya nyonyo. Nani kapaka?"

Nikatazama chini. "Mimi."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Na mlipokuwa mnakula." Mchi mpya hupakwa mafuta usipasuke, nani hajui? Niliuona umekauka juani.

"Bibi, mke mwenzangu, umeniua!" akasema mkubwa, safari hii akicheka. "Rola zinateleza. Zinazunguka zenyewe, mchi umelala tu."

Mpaka leo hilo linanichanganya. Baiskeli tunaitia mafuta ili izunguke. Mchi unapakwa mafuta, unagoma.

Tukausugua kwa majivu, tukaufuta kwa kitambaa. Mjukuu akakata mpira wa tyubu ya baiskeli, akauviringisha huku na huku, pale mchi unapolalia rola. Akajaribu kwenye karatasi. Herufi zikasimama zimeshiba.

"Haya, Bibi, taja."

Nikataja jina la kwanza, kichwa bado kimejaa rola.

"Huyo siye," akasema mdogo wangu. "Huyo ni mama mkubwa aliyemlea bibi yetu. Aliyemzaa ni yule mwingine."

"Aliyemzaa ni huyu. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyekaa na bibi."

Mjukuu akatutazama mmoja mmoja, kisha akaandika nilivyosema. Moshi ukanukia mti mtamu. Bibi harusi akasoma yote sita kwa kidole, akauviringisha kwenye kanga, na asubuhi akaondoka nao.

Majina yote mawili ninayakumbuka. Ila nani alizaa na nani alilea, tangu siku ile sina uhakika tena. Kama kuna mtu mzima wa Mkunya au Mnyambe anayejua, na aniambie nimekosea, sitakasirika. Juu ya jina la kwanza mjukuu aliacha nafasi ya vidole viwili, jina moja linaenea. Nilidhani amepima vibaya.