Pombe ya Urbano Haikunywewa

Urbano alikulia ukimbizini Tanzania, ila adabu ya kwao alifunzwa na babaye: mwenye haja hupeleka pombe, hungoja wenyeji wanywe, ndipo aseme. Majirani wa Giteranyi, alikorudi kuishi, walipomtuma mjini Gitega, kwenye mkutano wa utalii, akaitetee chemchemi wanayoteka maji isizungushiwe uzio kwa ajili ya watalii, alisafiri na mtungi wa pombe ya ndizi mapajani.

“Lo, mzee, umetuletea pambo!” alisema mwenyekiti.

Mtungi ukawekwa mezani, ukapigwa picha, kisha ikagawiwa soda. Mpango ukasomwa. Wakauliza nani ana neno. Urbano aliutazama mtungi, bado umezibwa kwa majani ya mgomba, akanyamaza.

“Basi, Giteranyi wamekubali,” wakasema, wakapiga makofi.

Uzio uliposimama, yeye na mkewe Upendo wakashuka bondeni na ndoo zao.

“Hata neno moja, baba Thomas?”

“Walikuwa hawajanywa, mama Thomas.”

“Haya. Kunywa wewe sasa.”

Maji ya bondeni yalikuwa tope tupu. Urbano aliteka, akachuchumaa kando ya ndoo, akangoja yatulie.