Kidole cha Pongwe Kilichozima Friza ya Muheza

Mdogo wangu Zainabu alinipigia simu analia. Friza yake, iliyojaa nguru wa harusi ya bintiye, inazima kila mchana, jua likiwa kali. Mimi ni fundi wa sola. Mtambo wa sola unaoiendesha friza hiyo hakunipa kuufunga mimi, alimpa fundi wa bei chee, lakini ndugu ni ndugu. Asubuhi nikatoka kwangu Raskazone nimenuna.

Muheza basi liliposimama, nilinunua machungwa dirishani kama abiria wote, japo Zainabu ninayemwendea ana shamba la michungwa.

Kwa Zainabu nilipima betri, nzima. Waya, nzima. Baada ya adhuhuri inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, ikazima mbele ya macho yetu. Nikafungua programu ya simu inayoiendesha: amri ya kuzima ilitoka kwenye simu ya Baba Mkubwa, aliyeko Pongwe! Zainabu, bila haya, akasema nywila aliiweka kwenye grupu la ukoo, maana ukipata kitu kipya wenzio wasikione, watasema unaringa.

Nywila yenyewe moja mpaka nane, ile ambayo inveta ilitoka nayo kiwandani. Kwa ruhusa ya jirani nikaijaribu kwenye inveta yake. Ikafunguka. Hapo mzaha uliniisha, niliogopa kweli. Fundi yule kafunga mtaa mzima hivyo, na mitambo yote imeungwa kwenye gridi ya taifa. Mtu mbaya, hata akiwa ng'ambo, anaweza kuizima yote kwa mpigo, umeme ukayumba hata kwa wasio na sola.

Tulibadilisha nywila, nguru wakabaki barafuni. Ila nani amwambie mzee kwamba tumemfungia nje? Zainabu akanitazama mimi.

Jioni nikashuka Pongwe. Baba Mkubwa aliwahi kuendesha injini za kiwanda cha mkonge, na huko, alinieleza, injini hupumzishwa adhuhuri. Basi akauonea huruma mtambo wa mwanawe. Nikamweleza habari ya samaki.

"Mimi nimeizima kwa mapenzi, samaki wakaanza kuyeyuka," akasema. "Anayetuchukia angefanyaje?"

Nilitaka kumbusu mkono. Kisha akatoa simu, akavaa miwani, akaniomba nywila mpya.

Safari ile ilinifunza kuwa kumnyima mwizi si kazi, kazi ni kumnyima baba yako. Sikumpa. Harusini alikula nguru akaongeza, ila shikamoo yangu hakuiitikia.