Tembe Nne Kabla ya Uji

Mimi ndiye mwalimu wa afya katika shule yetu, cheo nilichopewa kwa sababu siku ya kugawa vyeo nilichelewa kufika. Kazi yenyewe ni sanduku moja: spiriti ya vidonda, dawa ya zambarau ya mapunye, pamba, na dawa ya kichwa ambayo walimu wenzangu huimaliza kabla mtoto yeyote hajaumwa.

Lakini kwetu huku karibu na ufuo wa Dunga, ugonjwa wa watoto hasa ni kichocho. Wanaoga ziwani, wanafua ziwani, wanatumwa maji ziwani, utawakataza nini? Kwa hivyo tunaletewa tembe shuleni. Hakuna mizani. Mtoto anasimama kando ya fimbo ndefu yenye alama, na urefu wake ndio unaosema ameze ngapi. Sharti ni moja, nami nililiimba wiki tatu nzima kwenye gwaride: hakuna kumeza kabla ya kula. Tembe hizi zikikuta tumbo tupu, zinakukomesha.

Siku ya tembe ilipofika, kuni zilikuwa zimelowa na uji wa kuwalisha watoto kwanza ukakataa kuchemka. Wazazi nao walikuwa wamejaa langoni, maana mwaka uliopita mtoto mmoja alizirai, uvumi ukaenea kwamba dawa hii inafunga kizazi. Niliwaeleza mpaka koo likakauka. Ndipo mama mmoja muuza dagaa wa omena akasema, taratibu, bila hasira yoyote, "Mwalimu, wako si yuko hapa gredi ya tano? Mpe yeye kwanza tuone. Ama ni mkuki kwa nguruwe?"

Wakacheka. Wengine wakaanza kuwaita watoto wao watoke. Mwalimu mkuu akatazama viatu vyake, kama kawaida yake mambo yakiwa magumu. Ningesema tungoje uji, wangesikia kwamba naogopa, na shule nzima ingeondoka bila dawa. Nikamwita binti yangu.

Shuleni tu ndiko huniita Mwalimu. Hiyo ni sheria niliyoiweka mwenyewe, wenzake wasije wakasema anapendelewa. Akasimama kando ya fimbo: tembe nne.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "bado hatujakunywa uji."

"Meza," nikamwambia. Nilisema huku natabasamu, kwa ajili ya watu wa langoni.

Akameza moja moja, na ni chungu kweli. Nikamkalisha kwenye benchi mbele yangu, mahali ambapo wote wangemwona. Wazazi wakatulia. Baadaye kidogo uji ukaiva, watoto wakanywa, wakapanga foleni.

Nikawa nimekwama nyuma ya meza ya dawa na fimbo yangu. Mtoto wangu alikuwa hatua tatu tu kutoka nilipo, jasho linamtoka juu ya mdomo, mikono tumboni, na mimi nawaambia watoto wa wengine simama wima, fungua mdomo, haya nenda. Nilitaka kumwendea. Nilijua nikiinuka tu, lango zima litainuka nami. Nilijichukia, na bado nikaendelea kutabasamu. Alinitazama mara moja, kisha akaacha kunitazama.

Alikaza meno mpaka mzazi wa mwisho alipoondoka. Hapo ndipo alipotapika, ndani ya sweta yake, kimya kimya, halafu akaikunja vizuri ili uchafu usionekane.

Jioni, nyumbani Migosi, nilifua ile sweta. Nikampikia uji wa wimbi wenye ndimu, ule anaoupenda, nikaketi karibu naye na kumwomba msamaha. Nilimwambia kwamba nilikosea, kwamba sharti lile nililijua kuliko mtu yeyote. Alikuwa ameshapata nafuu. Akapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Asante, Mwalimu," akasema.

Nilingoja acheke, lakini alikuwa anapuliza uji wake.